Historia ya Kusawazisha Mistari katika Upangaji wa Chapa

Katika vitabu na magazeti mengi mistari ya aya huanzia mahali pamoja upande wa kushoto na kukomea mahali pamoja upande wa kulia, ingawa maneno yaliyomo hayalingani kwa urefu. Ulinganifu huo hutokana na kazi ya kusawazisha mstari, yaani kuongeza au kupunguza nafasi zilizo baina ya maneno, na pengine kuyakata maneno au kuzinyoosha herufi zenyewe, hadi mstari ujae upana uliowekwa tangu mwanzo. Ugumu wake mkubwa si wa hesabu bali ni wa wakati, kwa kuwa upana wa nafasi ya kwanza hauwezi kujulikana mpaka neno la mwisho la mstari lijulikane, ilhali mpangaji hana budi kuanza na neno la kwanza. Kila chombo kilichobuniwa tangu karne ya 15 kilipaswa kulijibu swali hilo kwa namna yake, na historia ya kazi hii hueleweka vizuri zaidi ikifuatwa kama historia ya majibu hayo kuliko ikichukuliwa kuwa habari ya urembo wa kurasa tu.

Waandishi wa mkono waliokuwapo kabla ya uchapaji waliweza kufanya uamuzi wakiwa mwishoni mwa mstari, maana kalamu ilikuwa bado mkononi na herufi ilikuwa haijapewa umbo lake. Wanakili wa maandiko ya Kiebrania walizipanua baadhi ya herufi, kama vile alef, lamed na tav, mpaka zigote ukingo, nao wanakili wa Kilatini walikuwa na vifupisho vingi vya kuliminya neno pale nafasi ilipokuwa haba. Katika mwandiko wa Kiarabu, ambao herufi zake nyingi huungana, njia iliyozoeleka ilikuwa kuuvuta mstari unaoziunganisha herufi mbili, na mvuto huo huitwa kashida. Kashida ilifaa hasa katika mashairi, ambamo vipande viwili vya ubeti hukaa sambamba na hupaswa kuwa na upana mmoja, hata kama kimoja kina herufi chache kuliko mwenzake. Pwani ya Afrika Mashariki nayo iliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi hizo hizo, na katika miswada mingi vipande vinne vya ubeti viliwekwa katika mstari mmoja, kwa hiyo suala la kugawana upana wa ukurasa halikuwa geni kwa wanakili wake.

Johannes Gutenberg alipoichapa Biblia ya Kilatini mjini Mainz katikati ya miaka ya 1450, ikiwa na safu mbili za mistari 42 katika kurasa zake nyingi, alijaribu kuuhamishia uhuru huo wa kalamu kwenye madini. Hakutengeneza umbo moja tu kwa kila herufi. Alikuwa na maumbo karibu 290, yakiwemo ya herufi zilizounganishwa, ya vifupisho, na ya herufi ile ile kwa upana tofauti, ili fundi achague lililo pana au lililo jembamba kadiri mstari ulivyohitaji. Vistari vya kukatia maneno viliwekwa nje kidogo ya ukingo wa safu, hata jicho likauona ukingo umenyooka zaidi kuliko ambavyo ungeonekana kama vistari hivyo vingehesabiwa kuwa sehemu ya mstari. Matokeo yake ni kurasa ambazo nafasi baina ya maneno hazitofautiani sana, na wachapaji waliofuata, ambao kwa sababu za gharama waliachana na wingi huo wa maumbo, hawakuufikia ulinganifu wa namna hiyo kwa muda mrefu.

Kilichobaki kwa warithi wa Gutenberg ni nafasi zenyewe. Fundi wa kupanga herufi alishika kwa mkono wa kushoto kijisanduku cha chuma chenye kingo tatu, akiwa amekwisha kukifunga kwa upana uliotakiwa, na kwa mkono wa kulia aliziokota herufi za risasi moja baada ya nyingine kutoka katika trei yenye vyumba vingi. Baina ya maneno alitia vipande vya risasi visivyo na herufi, vifupi kuliko herufi ili visipate wino, na vipande hivyo vilipimwa kwa kulinganishwa na mraba wa kimo cha herufi: kinene kilikuwa theluthi ya mraba huo, cha kati robo, chembamba sehemu moja ya tano, na vilikuwapo vingine vyembamba zaidi. Kwa herufi za pointi 12, kipande kinene kilikuwa na pointi 4, cha kati 3, na chembamba 2.4; hivyo mstari ulipopungukiwa, fundi aliweza kuling'oa pengo la pointi 4 na kutia la kati na jembamba kwa pamoja, yaani pointi 5.4, na hivyo kuupanua mstari kwa pointi 1.4 bila jicho kugutuka. Jibu lake kwa swali la wakati lilikuwa kurudi nyuma: aliupanga mstari kwa nafasi za kukisia, akafika mwisho, kisha akaupitia tena akibadilisha vipande kimoja kimoja.

Katika hatua hii ndipo sababu halisi ya kusawazisha inapoonekana, nayo husahauliwa na wengi wanaodhani kwamba ukingo ulionyooka ulitafutwa kwa ajili ya kupendeza tu. Ukurasa wa risasi haukushikiliwa na kitu chochote isipokuwa mbano wa fremu iliyouzunguka. Mstari mmoja ukilegea hata kidogo, herufi zake huyumba, huchomoka wakati wa kupakwa wino au hudondoka fremu inapoinuliwa, na kazi ya siku nzima huweza kumwagika sakafuni. Kwa hiyo kila mstari ulipaswa kuwa na urefu ule ule kamili, ukiwemo mstari wa shairi unaoonekana mfupi na ule wa mwisho wa aya, ambao ulijazwa vipande vitupu vya risasi mpaka ukingoni. Kwa fundi wa zamani mistari yote ilijaa, na swali lilikuwa tu utupu uwekwe wapi.

Mafundi wazuri walijiona duni kwa mapengo makubwa. Joseph Moxon, aliyetoa mjini London kuanzia mwaka 1683 kitabu cha kueleza kazi za mafundi wa chapa, anataja kwamba nafasi pana kupita kiasi ziliitwa kwa dharau matundu ya njiwa. Njia moja ya kuziepuka ilikuwa tahajia yenyewe, kwa kuwa Kiingereza cha wakati huo hakikuwa na tahajia moja na neno liliweza kuongezewa au kupunguziwa herufi bila mtu kulalamika. Jambo hilo liliwasumbua baadaye wanazuoni waliochunguza mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapwa mwaka 1623, ambao walitaka kuwatambua mafundi walioupanga kwa kutazama mazoea yao ya tahajia: ilibidi mistari iliyojaa hadi ukingoni itiliwe shaka au iachwe kando katika hesabu, maana pale tahajia ingeweza kuwa uamuzi wa upana wala si mazoea ya fundi.

Mashine zilipoanza kuchukua kazi ya mikono katika karne ya 19, kuziokota herufi hakukuwa kikwazo kikubwa. Kusawazisha ndiko kulikowashinda wavumbuzi wengi, kwa sababu mashine ilipaswa kuiga tendo la kurudi nyuma na kufikiri upya. James Paige alitengeneza nchini Marekani mashine yenye sehemu zipatazo 18,000 iliyozishika herufi za risasi zilizo tayari na kuzipangia nafasi zake yenyewe, na mwandishi Mark Twain, ambaye aliwahi kuwa mpanga herufi ujanani, aliitia fedha nyingi. Tarehe 5 Januari 1889, saa sita na dakika ishirini mchana, Twain alimwandikia ndugu yake Orion kwamba kwa mara ya kwanza duniani mstari wa herufi ulikuwa umepangwa na kusawazishwa kwa mashine. Furaha hiyo ilikuwa ya haki, lakini mashine iliharibika mno kwa wepesi, haikufika sokoni kwa wakati, na mwaka 1894 mwandishi huyo alikuwa amefilisika.

Waliofaulu ni wale walioacha kuzihamisha herufi zilizokwisha kusubiwa. Ottmar Mergenthaler, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, aliileta mashine yake katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, nayo ikapata jina la Linotype. Mwendeshaji alibonyeza vitufe, na vikalibu vya shaba vikashuka na kujipanga katika mstari. Kisha risasi ya moto ilimiminwa juu yake na kutoa mstari mzima ukiwa kipande kimoja. Mahali pa nafasi palishuka kifaa kilichofanyizwa kwa kabari mbili zilizoelekeana, moja imesimama na nyingine inateleza. Mstari ulipokamilika, kabari zote zilisukumwa kwa pamoja kutoka chini, zikapanuka kwa kiasi kimoja mpaka vikalibu vikabana kingo mbili, na papo hapo risasi ikamiminwa. Pendekezo la kabari mbili lilikuwa la mvumbuzi mwingine, Jacob Schuckers, na lilizua kesi za hataza zilizomalizika kampuni ya Linotype ilipoinunua kampuni pinzani iliyokuwa na haki hiyo. Uzuri wa kabari ni kwamba hakuna anayepiga hesabu: nafasi hubaki bila upana maalumu hadi dakika ya mwisho, na upana huo huamuliwa na shinikizo lenyewe.

Tolbert Lanston, aliyekuwa karani wa serikali mjini Washington na aliyepata hataza zake za kwanza mwaka 1887, alilijibu swali lile lile kwa njia ambayo pengine ndiyo yenye akili zaidi katika historia yote hii. Mfumo wake, Monotype, uligawanya kazi baina ya mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa kibodi iliyotoboa matundu katika utepe wa karatasi na kuhesabu upana wa kila herufi kwa vipimo vidogo, 18 katika herufi pana kabisa. Mstari ulipokaribia kujaa kengele ililia, na silinda yenye tarakimu ilimwonyesha mwendeshaji vitufe viwili vya kubonyeza, ambavyo vilirekodi upana uliopasa kila nafasi ya mstari huo. Ya pili ilikuwa mashine ya kusubu, iliyousoma utepe na kutoa herufi moja moja. Ila utepe ulisomwa kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa hiyo habari za nafasi, zilizotobolewa mwishoni mwa mstari, zilikuwa za kwanza kufika, na mashine iliposubu herufi ya kwanza ilikwisha kuujua upana wa kila pengo. Magazeti yalipenda Linotype kwa wepesi wake. Wachapaji wa vitabu, hasa vya hesabu, walipenda Monotype, kwa kuwa herufi moja iliyokosewa iliweza kubadilishwa kwa mkono bila kuutupa mstari mzima.

Si kila mtu aliona kwamba shabaha yenyewe ilistahili juhudi hizo. Mchongaji na msanii wa herufi Eric Gill alitoa nchini Uingereza mwaka 1931 kitabu kuhusu uchapaji ambamo mistari iliachwa na ukingo wa kulia usionyooka, akidai kwamba nafasi sawa baina ya maneno zina thamani kuliko mistari ya urefu mmoja. Hoja yake ilikuwa nzito, ingawa desturi ilimshinda, na inashangaza kwamba desturi hiyo haikulegea hata risasi ilipoanza kuondoka na sababu ya kubana fremu kutoweka.

Kompyuta za mwanzo zilirudisha kazi hii nyuma kuliko zilivyoiendeleza. Gazeti la Los Angeles Times lilitumia kompyuta mwaka 1962 kukata maneno na kusawazisha safu zake, na miaka miwili baadaye Jerome Saltzer aliandika katika chuo cha MIT programu iliyoitwa RUNOFF, ambayo ilinyoosha ukingo kwa kuongeza nafasi nzima za taipureta, kwa kuwa vyombo vya kuchapia vya wakati huo havikujua nusu ya nafasi. Mstari mmoja ulipata pengo la ziada hapa, mwingine pale, na programu za ukoo huo zililazimika kuzigawa nafasi za ziada kutoka kulia katika mstari mmoja na kutoka kushoto katika unaofuata, ili utupu usitiririke kwenye ukurasa kama mto. Zote zilifanya kazi mstari kwa mstari: zilijaza maneno hadi yasiwezekane tena, zikasawazisha, zikasonga mbele bila kutazama nyuma.

Mabadiliko makubwa yalitokana na kuchukizwa kwa mwandishi mmoja. Vitabu vya Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford kuhusu sayansi ya kompyuta vilikuwa vimepangwa kwa Monotype katika matoleo yao ya kwanza, lakini mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu ya 2, zilizopangwa kwa mtambo wa picha, na akaona hazifai. Mwaka huo huo alianza kubuni mfumo wake wa kupanga chapa, TeX, na pamoja na mwanafunzi wake Michael Plass alitoa mwaka 1981 makala ndefu kuhusu namna ya kuigawa aya katika mistari. Katika mfumo huo herufi na maneno ni visanduku vya upana usiobadilika, na baina yake hukaa kitu ambacho Knuth alikiita gundi, chenye vipimo vitatu: upana wa kawaida, kiasi kinachoweza kunyooshwa, na kiasi kinachoweza kubanwa. Kwa herufi zake za pointi 10, nafasi baina ya maneno ina pointi 3.33, huweza kunyooshwa kwa 1.67 na kubanwa kwa 1.11.

Hesabu yake ni rahisi kufuata. Mstari wa pointi 300 ukiwa na nafasi 8 na maneno yake pamoja na nafasi hizo yakafikia pointi 290 kwa upana wa kawaida, pointi 10 zimepungua, na uwezo wote wa kunyoosha ni pointi 13.33; hivyo uwiano ni 0.75, na kila nafasi huwa pointi 4.58. Ubovu wa mstari hupatikana kwa kuuzidisha uwiano huo mara tatu kwa wenyewe na kisha kwa 100, yaani takriban 42, ambao ni mstari unaovumilika. Upungufu ukiwa pointi 20, uwiano hupanda hadi 1.5 na ubovu huruka hadi karibu 338, ambao umekipita kiwango cha 200 ambacho TeX hukubali ikiwa haikuelekezwa vingine. Kunyoosha kupita kipimo huruhusiwa kwa gharama hiyo. Kubana kupita kipimo hakuruhusiwi kabisa, kwa kuwa maneno yaliyogusana hayasomeki.

Gundi iliuwezesha mfumo kufanya pia jambo ambalo kabari za Linotype zisingeliweza kwa urahisi, nalo ni kuchanganya nafasi za ngazi mbalimbali katika mstari mmoja. Mwandishi akiamuru maneno machache yajaze kisanduku cha upana fulani, nafasi za kawaida zitanyooka hata zikipita adabu, na TeX itatoa onyo kwamba kisanduku hakikujaa ipasavyo. Lakini akitia gundi isiyo na kikomo cha kunyooka, hiyo peke yake itameza upungufu wote na nafasi za kawaida zitabaki zilivyo. Gundi mbili za namna hiyo, moja kila upande, huliweka jina la sura katikati ya ukurasa. Moja upande wa kulia hufanya kazi ya vile vipande vitupu vya risasi mwishoni mwa aya.

Hata hivyo mchango mkubwa wa Knuth na Plass ulikuwa kuusogeza uamuzi hadi mwisho wa aya nzima. Aya yenye mahali 100 panapoweza kukatwa ina namna nyingi mno za kugawanywa, ambazo haziwezi kujaribiwa zote, ila wao walionyesha kwamba yatosha kukumbuka, kwa kila mahali panapofaa, njia iliyo bora ya kufika hapo, na kuzitupa nyingine. Programu hujumlisha dosari za mistari yote, ikiongeza adhabu kwa kila neno lililokatwa, na huchagua mgawanyo wenye jumla ndogo. Ndiyo maana neno moja likibadilishwa mwishoni mwa aya, mstari wa kwanza huweza kupangwa upya.

Adhabu ya kukata neno huhitaji kwanza kujua linakatika wapi, na kwa Kiingereza jambo hilo ni gumu: Franklin Liang, mwanafunzi mwingine wa Knuth, alikamilisha mwaka 1983 tasnifu iliyotumia ruwaza 4,447 za herufi, na hizo zilipata takriban asilimia 89 ya mahali pa kukatia palipokuwamo katika kamusi aliyoifanyia kazi. Kiswahili kinahitaji kanuni chache zaidi, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na kitenzi kama hawakushauriana hutoa mahali pengi pa kukatia kuliko ambavyo safu yoyote ya gazeti itataka. Ugumu uliopo ni wa aina nyingine. Vitenzi hivyo ni virefu, safu za magazeti ni nyembamba, na mstari wenye maneno matatu una nafasi mbili tu za kugawana upungufu wote, hivyo bila kukata neno hauna njia ya kusawazika bila matundu ya njiwa. Na programu iliyowekewa kanuni za Kiingereza huweza kuikata nyumba baina ya m na b, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hasimami.

Herufi zenyewe zilirudi katika hesabu mwishoni mwa karne ya 20. Hermann Zapf, msanii wa herufi wa Ujerumani, alishirikiana na kampuni ya URW ya Hamburg kutengeneza programu iliyopewa herufi za kwanza za jina lake, hz, ambayo iliruhusu herufi kupanuliwa au kubanwa kidogo sana, na alieleza wazi kwamba alikuwa akiutafuta ulinganifu wa Biblia ya Gutenberg. Hàn Thế Thành, Mvietinamu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, aliyaingiza mambo hayo katika pdfTeX na kuyatetea katika tasnifu ya mwaka 2000, pamoja na kuviachia vistari na vituo vitokeze kidogo nje ya ukingo. Kifurushi cha microtype, kinachowawezesha waandishi wengi kuutumia ufundi huo leo, huanza na kikomo cha asilimia 2 kwa kupanua na asilimia 2 kwa kubana. Wapo waliouona mtindo huo kuwa uharibifu wa herufi, lawama ambayo ingemshangaza mnakili yeyote wa qasida.

Mifumo hii yote, tangu fremu ya risasi hadi pdfTeX, ilijua jambo moja kabla ya kuanza, nalo ni upana wa safu. Maandishi yanayosomwa kwenye simu hayana hata hilo, kwa maana upana hutegemea kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji, na hesabu hufanywa upya kila simu inapolazwa ubavu. Kwa kuhofia ucheleweshaji, vivinjari viliendelea kwa miaka mingi kugawa mistari mmoja mmoja, kama RUNOFF ilivyofanya mwaka 1964. Kivinjari cha Chrome kilianza mwaka 2023 kukubali amri ya kuipima aya kwa upana zaidi, ingawa hutazama mistari michache ya mwisho tu. Pale ambapo kivinjari hakina kanuni za kukata maneno ya Kiswahili, wahariri wengi huona ni afadhali ukingo wa kulia uachwe bila kunyooshwa, kama Gill alivyofanya.